Upatu Nyuma ya Pazia

Paukwa!
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa mji.
Mji una nini?
Una watu.
Na watu wana nini?
Wana maneno.

Basi nileteeni masikio, maneno nitaleta mimi. Na wewe unayepiga miayo pale nyuma, sogea karibu, usinilalie ngano ikiwa bado mbichi.

Zamani hizo, bibi yake bibi yangu akiwa hajaota hata jino, palikuwa na mji wa wafinyanzi. Chungu cha wali kilitoka huko. Mtungi wa maji ulitoka huko. Chetezo cha ubani kilitoka huko. Mji wenyewe uliitwa Vyunguni, na jina lake lilikuwa kubwa kuliko mji.

Watu wa Vyunguni walikuwa na neno lao. Walisema udongo haupendi mtu mzito wa kichwa. Mpe mzito afinyange, chungu chake kitapasuka motoni, na vya wenzake vitapasuka pamoja nacho. Kwa hiyo kila mtoto alipong'oka jino la kwanza, alipelekwa kupimwa akili.

Anapimwaje? Sikilizeni vizuri, maana ngano yote imekaa hapa.

Palikuwa na mama mmoja, Bi Mwanashungi, ndiye mpimaji wa mji. Chumbani mwake palitundikwa pazia zito. Bi hukaa upande huu, mtoto na mzazi wake upande ule, na watu wa mji hukaa nje uani wakitega masikio. Bi huuliza maswali matatu, yale yale aliyouliza mama yake, yale yale aliyouliza nyanya yake. Mtoto akijibu sawasawa, Bi hugonga upatu wake wa shaba, ngwee, uani wakasikia. Akikosea, kimya. Upatu ukilia mara tatu, mtoto hukalishwa kwenye kigoda cha ufinyanzi, akatiwa tonge la udongo mkononi, akawa mtu. Usipolia, huenda Machimboni.

Machimboni ni huko nyuma ya vilima, kunakochimbwa udongo. Mtoto hula huko, hulala huko, huzeekea huko. Mlango wa mji haumwoni tena.

Na pazia lile, jamani, walijisifu nalo. Walisema, "Miji mingine mtoto wa mkubwa hupendelewa. Kwetu Bi hamwoni mtu, hamjui mtu." Wala Bi Mwanashungi hakuwa mwovu, msianze kumchukia mapema. Hakuwahi kupokea hata yai la kuku. Aliyaamini maswali yake kama mnavyoamini kwamba kesho kutakucha.

Sasa, katika mji huo alikaa mtu wa kuja, jina lake Vuai, mwezekaji wa makuti. Alikuja na mke kutoka mbali, na mke yule alifariki wakati mtoto wao, Mishi, angali ananyonya. Vuai akamlea mwenyewe. Alimwogesha. Alimpikia uji. Alimsuka nywele, na alimsuka vibaya, upande mmoja mashariki, upande mmoja magharibi, lakini alimsuka. Jambo moja tu lilimshinda. Hakuweza kumwimbia. Tangu siku ya kuzika, kila akitaka kuimba koo humfunga. Kwa hiyo Mishi alibembelezwa kwa kupigwapigwa mgongo tu, polepole, mpaka usingizi umchukue. Vuai alimpenda mtoto yule mpaka akaogopa.

Jino la Mishi likang'oka. Wakaenda.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Ana mdomo, hasemi. Nani huyo?"

Mishi akafikiri. Akautazama mkono wa baba yake, pale alipokatwa na kisu cha kuchania makuti.

"Kidonda."

Kimya.

"Ana shingo, hana kichwa. Nani huyo?"

"Kanzu ya mama."

Kimya.

"Ana tumbo, na hashibi. Nani huyo?"

"Kaburi," akasema.

Kimya.

Wakatoka nje. Jumbe Kitwana, mkubwa wa mji, akamshika Vuai bega. "Pole, bwana. Udongo haumtaki. Mwezi ukiandama, punda wanaondoka kwenda Machimboni. Ukipenda apimwe tena kabla ya hapo, mila inaruhusu mara moja zaidi. Mara moja tu."

Njiani Mishi akauliza, "Baba, nilikosea wapi?"

"Sijui, mwanangu."

"Kidonda hakina mdomo?"

"Kinao."

"Kanzu ya mama ina kichwa?"

"Haina."

"Kaburi limeshiba?"

Vuai aligeuza uso kando, akajifanya anatazama paa la mtu.

Na mwezekaji, kesho yake ikifika, hupanda juu hata kama moyo uko chini. Vuai akapanda. Alikuwa anafunga makuti juu ya nyumba moja, na chini yake, ndani, mama mwenye nyumba anabembeleza mtoto. Mnajua nyimbo za kubembeleza haziimbwi barabarani. Huimbwa ndani, mlango umerudishwa, na mwanamume wa nje hazisikii. Lakini Vuai hakuwa nje, alikuwa juu.

Lala mwana, lala,
Ana mdomo hasemi, chungu cha bibi jikoni,
Ana shingo hana kichwa, mtungi wetu pembeni,
Ana tumbo na hashibi, tanuri letu uani,
Lala mwana, lala.

Vuai nusura aanguke. Akashikilia boriti. Akamaliza paa lile, akaenda paa la pili. Chini yake, lala mwana, lala. Akaenda paa la tatu. Lala mwana, lala. Akashuka, akabisha hodi.

"Mama, samahani. Wimbo huo umefunzwa na nani?"

Yule mama akacheka. "Nani anayefunzwa wimbo wa kubembeleza? Mama aliniimbia, naye mamaye alimwimbia. Ni wimbo tu, baba."

"Unayajua maneno yake?"

"Maneno gani?"

Hakuwa anamficha. Aliimba tangu yuko mdogo na hakuwahi kuyasikia. Nyani haoni kundule. Sasa, swali lilizaliwa na wimbo, au wimbo ulizaliwa na swali? Msiniulize mimi, hata wao hawakujua. Lakini Vuai alijua jambo moja alipokuwa anarudi nyumbani na kamba zake begani. Upatu haukuwa unapima nani ana akili. Ulikuwa unapima nani aliimbiwa. Na Mishi wake hakuimbiwa, na asiyemwimbia alikuwa yeye.

Alilia njiani. Mwanamume mzima, na makuti kichwani. Kisha akajifuta, akaharakisha, kwa sababu dawa ilikuwa imepatikana.

"Mishi, njoo. Ukiulizwa hivi, sema chungu. Ukiulizwa hivi, sema mtungi. Ukiulizwa hivi, sema tanuri."

Uji haujachemka, mtoto ameshashika yote. Vuai akafurahi, akakoroga uji kwa nguvu mpaka ukamrukia.

Mishi akasema, "Baba, kumbe akili ndiyo hii?"

"Ndiyo hii wanayoitaka wao."

"Na wale wa Machimboni? Nao hakuna aliyewaambia?"

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria.

Ninyi mngesemaje? Mtoto ni wako, mmoja, hana mama. Punda wanatafutiwa matandiko. Neno unalo mkononi, linamtosha yeye. Vuai alitaka kusema ya wengine hayatuhusu. Alifungua kinywa kabisa. Akamwona mtoto anamtazama, na lile pengo la jino, akashindwa.

"Mishi," akasema, "iko njia ya kuuonyesha mji mzima jambo hili. Lakini nafasi ni moja tu. Nikiitumia hivyo na Jumbe akakasirika, utakwenda Machimboni kweli. Utaogopa?"

Mtoto akawaza. "Nitaogopa. Lakini nitawakuta wenzangu."

Vuai akampa uji. Kisha akaenda kwa muuza kahawa wa pale sokoni, akaazima kasuku wake.

Ndiyo, kasuku. Mbona mnacheka? Ndege yule alikuwa maarufu. Neno lake lilikuwa moja, "Karibu kahawa, moto moto," na alilisema kwa kila apitaye, hata kwa mbuzi.

Na kasuku hafundishwi kwa kunong'onezwa. Wimbo ni sharti uimbwe. Vuai akakaa mbele ya tundu la ndege, akavuta pumzi, koo likafunga. Akavuta tena, likafunga. Mara ya tatu ikatoka sauti, imekwaruza, kama mlango wa zamani. Lala mwana, lala. Ana mdomo hasemi. Mishi akatoka alikokuwa, akaja kukaa karibu, akaegemea goti la baba yake. Ndivyo Mishi alivyoimbiwa kwa mara ya kwanza maishani mwake, japo aliyekuwa anaimbiwa ni kasuku. Akalala usingizi hapo hapo, na Vuai akaendelea kuimba ingawa ndege naye alikwisha kulala.

Siku ikafika. Uani watu wamejaa. Vuai akaingia na Mishi, na Mishi amebeba tenga limefunikwa kanga.

"Aliyekuja kupimwa yupo?" sauti ikauliza nyuma ya pazia.

"Yupo, Bi," akasema Vuai. "Yuko hapa mbele yako."

"Ana mdomo, hasemi. Nani huyo?"

Tenga likajibu. "Chungu cha bibi jikoni."

Ngwee.

"Ana shingo, hana kichwa. Nani huyo?"

"Mtungi wetu pembeni."

Ngwee.

Bi aliisikia sauti imekauka kidogo, akadhani mtoto ana mafua.

"Ana tumbo, na hashibi. Nani huyo?"

"Tanuri letu uani."

Ngwee.

Uani vigelegele. Jumbe Kitwana mwenyewe akapangusa kigoda kwa upindo wa kanzu, akachukua tonge la udongo. "Mleteni," akasema, "mleteni mwenye akili tumkalishe."

Vuai akatoka. Akaweka tenga chini. Akaondoa kanga. Akamchukua kasuku, akamkalisha juu ya kigoda cha ufinyanzi.

Kasuku akautazama mji. Mji ukamtazama kasuku.

"Karibu kahawa," akasema, "moto moto."

Aliyecheka alicheka, na aliyeshika kichwa alishika kichwa. Jumbe Kitwana hakucheka. Mishipa ilimsimama shingoni.

"Vuai. Tumekupokea huna kwenu, tumekuzikia mkeo, leo unatucheza shere?"

"Hapana, Jumbe. Kasuku ameulizwa, amejibu, upatu umelia. Sikuugonga mimi."

"Amefundishwa huyo."

"Ndiyo, nimemfundisha mimi. Na wewe alikufundisha mama yako."

Jumbe akasogea kumkamata. Na Vuai, mkono umemshika Mishi, akaanza kuimba. Aliimba vibaya, sitawaficha. Lala mwana, lala. Mama mmoja uani akaitikia bila kujua, kwa mazoea tu. Wa pili akaitikia. Wa tatu. Wakaimba pamoja mpaka chungu, mpaka mtungi, na walipofika kwenye tanuri, mmoja akaweka kiganja kinywani. Kisha mwingine. Kwa mara ya kwanza walikuwa wameusikia wimbo wao.

"Mcheza kwao hutunzwa," akasema Vuai. "Watoto wenu walikuwa wanacheza kwao. Wangu alikuwa ugenini."

Jumbe akasema, na sauti imeshuka, "Unasema mwanangu mimi hana akili? Upatu ulimlilia mara tatu."

"Sijasema hana. Nasema hatujui. Huenda anazo tele. Hakuna aliyemuuliza."

Hapo pazia likafunuliwa. Watu wakarudi nyuma, maana siku ya kupima hapana aliyewahi kumwona Bi Mwanashungi akitoka. Alikuja akitembea polepole, mama mfupi, mtandio umemteleza. Akampita Jumbe. Akampita kasuku. Akachutama mbele ya Mishi.

"Mwanangu, siku ile uliniambia kidonda. Kwa nini?"

"Kwa sababu kina mdomo, Bi. Baba alikatwa na kisu, mdomo ukawa wazi. Hakikusema, lakini baba alikuwa hawezi kufunga makuti."

"Na kanzu ya mama?"

"Imetundikwa ukutani. Shingo iko, mama hayupo."

"Na kaburi?"

"Lilimchukua mama, na juzi likamchukua mtu mwingine."

Bi Mwanashungi akakaa chini kabisa, mavumbini, na nguo yake nzuri. "Nilikaa nyuma ya pazia nikidhani kutoona ndiyo haki," akasema. "Kumbe hata kusikia sikusikia. Nilikuwa nasubiri maneno ya wimbo." Akalia, wala hakuficha uso.

Watu walikaa uani siku ile mpaka kivuli cha tanuri kikawafikia. Wako waliosema kupima kuachwe kabisa. Bi mwenyewe alikataa.

"Hata mchele hupimwa, na hapana ubaya," alisema. "Ila pishi ikiwa na tundu, usimlaumu mchele. Mtoto afundishwe kwanza jambo geni, lisilojulikana na nyumba yoyote, wote pamoja, mwalimu mmoja. Ndipo tutazame analishikaje. Na tusimtazame siku moja, huenda siku hiyo ana homa, au amemkumbuka mamaye. Akijibu tusilolitarajia, tumuulize kwa nini, ndipo tunyamaze tukitaka kunyamaza. Akili ni nywele, kila mtu ana zake."

"Na maswali yaanze kwa huyu," akasema mama mmoja, akimwonyesha kasuku. "Akiyajua, tuyatupe."

Wakacheka, na kicheko kile kiliwasaidia kupumua.

"Na atakayeshindwa?" akauliza Jumbe.

"Atafundishwa tena," akasema Bi Mwanashungi. "Kwao, kwa mama yake. Hapelekwi popote."

Vuai aliposikia neno hilo akamwinua Mishi, mkubwa vile, akambeba mgongoni kama mtoto mchanga. Mishi akamnong'oneza sikioni, "Baba, na wale je?"

Mwezi ukaandama. Punda wakaondoka kwenda Machimboni, migongo mitupu. Vuai akaenda, Mishi akaenda, na Bi Mwanashungi akaenda kwa miguu, alikataa kupanda.

Huko wakawakuta. Wadogo kwa wakubwa, wamepakaa udongo mpaka nyusi. Bi hakuwahutubia. Alimwendea kila mmoja akamuuliza maneno mawili tu, "Ulijibu nini?" na "Kwa nini?" Na jamani, hapana hata mmoja aliyekuwa amesahau. Msichana mmoja alikuwa amejibu mtumbwi. Kijana mmoja alikuwa amejibu moto. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, ameitunza miaka yote, hapana aliyewahi kuiomba.

Wa mwisho alikuwa mtu mzima, ndevu zimeingia mvi, amesimama kando na jembe lake. Hakutaka kusogea. Bi akamfuata.

"Na wewe, baba? Niliposema ana mdomo, hasemi, ulijibu nini?"

Yule mtu akatazama chini. "Nilisema, mama."

Bi akakumbuka. Alikumbuka kisauti kidogo upande wa pili wa pazia, na jinsi alivyodhani ni mtoto tu, analilia kwao.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Mama yangu ni bubu," akasema yule mtu.

Bi Mwanashungi alichukua jembe kutoka mkononi mwake, akaliweka chini, akamshika mkono, na hakuuachia njia nzima, vilima vyote, wenzake wakifuata juu ya punda, mpaka mlango wa mji. Mtu yule aliingia Vyunguni kama mgeni, hajui kona. Bi akamwongoza hadi nyumba ya nyuma kabisa, paa limeoza, na bibi kizee ameketi kizingitini anachagua mchele.

Kizee akainua macho. Ungo ukamwangukia miguuni. Akamshika mwanawe uso kwa mikono miwili, akafungua kinywa, na kinywa kile kikabaki wazi.

Mwanawe akamwambia, "Nimesikia, mama."

Vuai alikuwa amemwinua Mishi begani ili aone. Akamshusha, akamshika mkono, wakaenda zao taratibu wakawaacha peke yao.

Ngano yangu naitua hapa, kama mama atuavyo mtungi kutoka kichwani. Mwenye kiu achote. Asiye na kiu asiuvunje, yuko mwenziwe nyuma anakuja.

Mmesikia?
Tumesikia.
Basi mniulize kwa nini.